Diani ama Pirates? Kabla ya kusifu mchanga, uliza unapitia wapi kufika majini

Kila shule zikikaribia kufungwa swali linarudi: tukishuka Mombasa twende Diani kule kusini ama tubaki huku kaskazini, Nyali na Bamburi? Na jibu mara nyingi ni moja tu, Diani, Diani, halafu hakosi mmoja wa kuongeza ati Pirates, ile bichi ya umma ya Bamburi, si bichi, ni soko lililopakana na bahari. Hapo ndipo mimi nami nataka kusema kidogo.

Diani tuipe haki yake. Ule mchanga ni matumbawe yaliyosagwa na bahari miaka nenda miaka rudi, mweupe, laini, na maji yake yana zile rangi za kwenye picha kwa sababu chini kuna mchanga mweupe na mawimbi makubwa yanavunjikia kule mbali kwenye mwamba. Ukitembea mpaka mto Kongo unapoingia baharini utaukuta msikiti wa kale wa mawe katikati ya mibuyu, na watu bado wanaswali ndani. Barabarani mbega wanapita juu ya vichwa vya watu kwa ngazi za kamba walizofungiwa ili wasigongwe na magari. Na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mgeni akishuka treni ya SGR pale Miritini anashika njia ya kusini bila hata kuiona feri ya Likoni. Familia ya bara yenye siku chache na pesa ya hoteli ikiniuliza, nitawaambia Diani na sitajiumauma.

Lakini hiyo ni hesabu ya mgeni. Mtu wa Kisauni ama Mishomoroni anapanda matatu mpaka feri, anasubiri na umati, anavuka (kwa miguu ni bure, alhamdulillahi), anapanda matatu nyingine mpaka Ukunda, halafu tuktuk mpaka bichi, na watoto wako mkononi na jioni safari yote hiyo aianze upya kinyumenyume. Na akifika, kitu cha kwanza kukiona si bahari, ni ukuta. Hoteli, nyumba ya kukodisha, hoteli tena, halafu kiwanja kilichozungushiwa mabati. Vichochoro vya kuteremkia vipo, ila lazima uwe mwenyeji ndio uvijue, na kwengine utamkuta soja, mlinzi wa getini, anakuuliza unaenda kwa nani, kana kwamba bahari ina mwenyewe.

Na hapa kuna jambo halinitoki kichwani. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Vizuri sana, tunapiga makofi. Sasa tazama bahari yetu inavyokwenda. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa inakaribia mita 4, na siku hizo maji hupwa saa nne saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi hivi jioni. Saa kumi Jumapili ndio wakati mwananchi wa kawaida ameshapika, amekula, amevisha watoto, amefika. Anakuta maji yanapiga kwenye ukuta wa hoteli, na ule ukanda aliopewa na katiba uko chini ya maji! Haki anayo kweli, lakini saa hiyo labda awe samaki ndio aitumie. Akitaka kukaa pakavu inabidi akae kwenye nyasi za mtu, na nyasi za mtu zina soja. Kwa hiyo tukisema bichi zote ni za umma tunasema kweli nusu, kwa sababu bila njia ya kuingilia na pahali pa kukaa maji yakijaa, hiyo bichi ni ya aliye na chumba.

Pirates, ambayo jina lake rasmi ni bichi ya umma ya Jomo Kenyatta, ina vitu vyote viwili, njia na pahali pa kukaa. Unashuka kwenye matatu, unavuka barabara, unaingia, hakuna anayekuuliza kitu. Mchanga si wa Diani, sawa. Lakini nenda siku ya kawaida uone: akina mama wameingia majini na madera yao, wanacheka, hakuna anayewakodolea macho, watoto wako juu ya tyubu za lori za kukodi, huku sufuria la viazi karai linachemka na ukwaju wake pembeni, ngamia anapita polepole na mtoto mgongoni analia ataka kushuka. Wanaoidharau pia husahau kwamba bahari ya upande huu imo kwenye hifadhi ya Mombasa tangu 1986, na mashua za chini kioo zinaondokea papo hapo kupeleka watu kuona matumbawe.

Kasoro zake nazijua na sizifichi. Idi na Krismasi mimi siendi, watu ni wengi kupita kiasi, watoto wanapotea, na kila sikukuu kuna hofu ya mtu kuzama. Takataka nazo ni aibu yetu wenyewe, hakuna wa kumlaumu. Ila ukiuliza mbona imejaa hivyo, jibu ni ule ukuta niliousema, watu wanabanana hapo kwa sababu kwengine njia ni finyu. Zingefunguliwa njia pana sita saba kuanzia Nyali mpaka Shanzu, zenye choo na kivuli, Pirates ingepumua.

Ukiamua Diani basi, nenda msimu wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, bahari huwa shwari na maji maangavu, maana kusi ikishika upepo ni wa kurusha kofia. Malindi usiende mvua zikiwa kubwa bara, mto Sabaki unateremsha tope mpaka bahari inageuka rangi ya chai. Na kama huna hoteli, tafuta siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, siku hizo hata yakijaa unabakishiwa mchanga wa kutandika leso.