Woodstock 1969: uzio uliobaki bila kujengwa

Siku chache kabla ya Ijumaa, tarehe 15 Agosti 1969, mafundi waliokuwa wakiandaa tamasha la muziki la Woodstock kwenye shamba la Max Yasgur, kule Bethel katika jimbo la New York, walitambua kwamba hawatamaliza kila kitu. Ama wamalize jukwaa, ama wamalize uzio na malango ya tiketi. Walimaliza jukwaa. Maelfu ya vijana walikwisha piga kambi kilimani, na umati usio na cha kutazama uliwatisha waandaaji kuliko hasara. Uzio ukabaki vipande, ukakanyagwa, na tamasha lililouzwa kwa dola 18 kwa siku tatu likatangazwa kuwa la bure.

Ulikuwa uamuzi wa fundi aliyebanwa na muda, wala hakuna aliyesoma risala ya amani kabla ya kuufanya. Lakini ukitaka kujua kwa nini watu zaidi ya 400,000 walikaa siku tatu kwenye matope bila kupigana, anzia hapo: hapakubaki kitu cha kulinda.

Mabishano kuhusu Woodstock yana pande mbili za zamani. Wa kwanza husema mahipi, yaani vijana wa miaka ile waliokataa maisha ya kawaida, pamoja na wale waliowaiga nywele na shanga tu, walithibitisha kwamba watu wanaweza kuishi kwa kugawana, bila rungu na bila bei. Wa pili husema lilikuwa janga lililoponea chupuchupu, tena likaokolewa na haohao waliokuwa wakidharauliwa: jeshi, madaktari, wakulima na akina mama wa miji ya jirani. Kila upande una ushahidi, na kila upande huficha nusu yake.

Tuanze na shida, maana miaka imezipamba mno. Tamasha lilipangwa kufanyika Wallkill, mji mwingine wa jimbo hilohilo. Tarehe 15 Julai mji huo ukalipiga marufuku, na hoja rasmi ilikuwa vyoo: vyoo vya muda vilivyopangwa havikukidhi kanuni. Wapenzi wa Woodstock huicheka hoja hiyo kama kisingizio cha wazee waliochukia nywele ndefu. Chuki ilikuwepo, sawa, lakini hesabu iliwapa haki wazee. Bethel vilipelekwa vyoo vipatavyo 600. Kwa umati ule, tundu moja lilihudumia watu zaidi ya 650. Na choo cha muda hakina maana bila gari la kukinyonya. Barabara ya 17B ilipozibwa na magari yaliyotelekezwa na wenyewe, magari hayo ya kunyonya uchafu nayo yalikwama.

Foleni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Viongozi wa Bethel walikuwa wameambiwa watarajie watu 50,000, ilhali tiketi zilizouzwa mapema zilifikia 186,000. Waandaaji wanne, yaani Michael Lang, Artie Kornfeld, John Roberts na Joel Rosenman, walikuwa na mwezi mmoja wa kujenga mji mzima, na kwa idadi halisi wasingepata kibali. Upendo hauingii hapo. Waliwadanganya wenyeji wao, na wenyeji ndio walioamka wakakuta bustani zao zimegeuka maegesho na msala.

Jukwaa nalo lilikuwa na sahani kubwa ya kuzunguka, ili bendi moja ipige upande wa mbele huku nyingine ikipanga vyombo nyuma yake. Magurudumu yalilemewa na uzito, yakapinda. Kuanzia hapo kila bendi ilisubiri nyingine ishushe vyombo kwanza, ratiba ikaporomoka, na Jimi Hendrix aliyekuwa wa mwisho akapanda Jumatatu asubuhi, wakati sehemu kubwa ya umati imekwisha ondoka.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa umeme. Usiku wa Jumamosi wanamuziki wa Grateful Dead walipigwa shoti walipogusa gitaa, dalili kwamba ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ilikuwa mbovu. Jumapili mvua ya radi ilipiga baada ya Joe Cocker. Nyaya kuu zilikuwa zimefukiwa. Udongo ulipolainika, miguu ya maelfu ikaanza kuzifukua, huku watazamaji wengine wakiwa wameng'ang'ania minara ya spika katikati ya upepo. Hapo ndipo wenye hoja ya bahati husimamia, na siwezi kuwapinga. Waya mmoja uliochubuka ungetosha kubadili kila kinachosemwa leo kuhusu Woodstock.

Vifo viwili vinakumbukwa zaidi: kijana aliyezidisha heroini, na mwingine aliyekanyagwa na trekta akiwa amelala ndani ya mfuko wake wa kulalia. Mahema ya matibabu yalipokea maelfu, wengi wakiwa na nyayo zilizochanwa na chupa na makopo.

Sasa upande wa pili wa mizani. Waandaaji walikuwa wamelileta kundi la Hog Farm, jumuiya ya mahipi kutoka New Mexico iliyoongozwa na Hugh Romney, maarufu kama Wavy Gravy. Waandishi wa habari walipomuuliza atalindaje usalama, alijibu kwamba silaha zake ni keki za krimu na chupa za soda. Ilionekana mzaha, lakini watu hawa walikuwa na uzoefu wa kuishi wengi bila chochote, ujuzi ambao hakuna kampuni ya ulinzi iliyokuwa nao. Walipika ngano ya bulgur, oti na mboga kwenye masufuria makubwa, wakagawa bure. Chakula cha aina hiyo ni chepesi kubeba, hakiozi haraka, na hujaza tumbo.

Kazi yao bora zaidi ilikuwa kwenye mahema ya waliolemewa na LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono. Baadhi ya madaktari walitaka kuwachoma sindano ya klorpromazini, dawa ya wagonjwa wa akili. Watu wa Hog Farm waliwashika mikono, wakawaita kwa majina yao, wakawaambia kwamba ni dawa tu na itaisha. Aliyetulia alioneshwa mgonjwa mpya anayeingia akipiga kelele, akaambiwa: huyo ni wewe saa tatu zilizopita, sasa mganga ni wewe. Kwa njia hiyo idadi ya wahudumu iliongezeka kadiri wagonjwa walivyoongezeka. Sijui mpango wa hospitali uliowahi kufikia hapo.

Kwa hiyo ni makosa kusema mahipi walibebwa tu. Ni makosa vilevile kusema walijitosheleza. Gavana Nelson Rockefeller alifikiria kutuma askari 10,000 wa akiba. Roberts akamsihi kwa simu asifanye hivyo. Badala ya bunduki zikaja helikopta za jeshi zenye madaktari na dawa, mwaka uleule ambao vijana wale walikuwa wakilipinga jeshi hilohilo kwa sababu ya Vietnam. Akina mama wa kituo cha Wayahudi cha Monticello walitengeneza maelfu ya sandwichi. Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyeunga mkono chama cha Republican, alitoa maji na maziwa bure baada ya kusikia kwamba kuna jirani anayeuza maji.

Moto je? Ulitokea mara moja, na mahali ulipotokea panaeleza mengi. Kampuni isiyo na uzoefu iliyopewa kazi ya kuuza chakula ilipandisha bei ya soseji kutoka senti 25 hadi dola moja chakula kilipoanza kuadimika. Jumamosi usiku baadhi ya vibanda vyake vikateketezwa. Kilima kizima kilikuwa shwari isipokuwa pale palipobaki kaunta na mtu wa kuilinda.

Linganisha na tamasha la Altamont, California, tarehe 6 Desemba mwaka huohuo. Nalo lilikuwa la bure, bila uzio, umati wa rika lilelile. Lakini uwanja ulibadilishwa dakika za mwisho. Jukwaa lilikuwa limebuniwa kukaa juu ya mteremko, kwa hiyo lilikuwa na kimo cha mita moja tu. Huko Altamont likajikuta chini ya mteremko, umati ukiliangukia. Aliyepewa kulilinda ni genge la pikipiki la Hells Angels, kwa bia za dola 500. Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa kwa kisu mbele ya bendi ya Rolling Stones iliyokuwa jukwaani. Jukwaa la Bethel lilipita kimo cha mtu na lilizuiwa kwa mbele. Hakuna aliyehitaji kupigwa ili asilipande. Anayesema kwamba roho ya mahipi ilikufa ndani ya miezi minne anadharau tofauti ya mita mbili za mbao.

Kuna hoja moja dhidi ya Woodstock ambayo naiona nzito kuliko ya matope. Umati ule ulikuwa wa vijana weupe kwa wingi, wengi wakiwa na nyumba nzuri za kurudia. Wazee wa Lamu, waliowapokea mahipi katika miaka ya 1970, wanalielewa hili bila maelezo: ufukara wa hiari huwa na tiketi ya ndege ya kurudi. Kiangazi hichohicho, kilomita 150 hivi kutoka Bethel, Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, ilikuwa na tamasha lake la wikendi sita, likahudhuriwa na watu wapatao 300,000 kwa jumla, nalo likapita kwa amani. Sly and the Family Stone walipiga kote kuwili. Picha za Bethel ziliingia sinema mwaka 1970, zikapata tuzo ya Oscar na hatimaye zikasaidia kulipa deni la zaidi ya dola milioni moja. Picha za Harlem zilikaa stoo karibu miaka 50. Kama amani ya umati ndiyo iliyoifanya Woodstock ikumbukwe, Harlem ingekumbukwa pia.

Mwaka 1999 jina hilohilo lilipelekwa kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Rome, New York. Safari hii uzio ulijengwa kwanza, mrefu na imara. Ndani palikuwa na lami, joto kali, chupa ya maji kwa dola 4 na vyoo vilivyofurika. Kukaripotiwa ubakaji, na usiku wa mwisho vijana wakawasha mioto, wakavunja mashine za kutolea fedha na kupora vibanda.

Lang alijaribu tena kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 50, mwaka 2019. Mfadhili akajitoa, uwanja wa Watkins Glen ukajitoa, kisha mji wa Vernon ukakataa kibali kwa sababu mipango ya usalama na usafi haikukamilika. Tarehe 31 Julai likafutwa. Mwaka 1969 pia walikataliwa Julai, kwa sababu za namna hiyohiyo, ila safari ile alijitokeza mfugaji mwenye kilima.