Casuistry: tusi lenye kesi ya kujibu

Mwingereza akiiita hoja yako "casuistry", amekutukana kistaarabu. Anadai unajua fika kwamba jambo ni baya, ila unalizungushia maneno mpaka lionekane halali.

Neno hilo halikuzaliwa tusi. Mzizi wake ni casus, Kilatini cha tukio, ambacho pia kiliwapa Waingereza "case" na, kupitia kwao, sisi tukapata kesi. Casuist alikuwa mwanazuoni wa maadili, mara nyingi padri, aliyepima dhambi kwa mazingira yake: nani katenda, kwa nia gani, kwa shinikizo lipi. Padri muungamishi alihitaji elimu hiyo, maana waumini hawatendi dhambi kwa kufuata sura za kitabu.

Aliyeichafua ni Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Kifaransa. Katika barua zake za 1656 na 1657 aliwashambulia Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, kwa kejeli kali. Kwao, anasema, kuua kwa kisasi ni haramu, lakini muungwana akielekeza nia yake kwenye kulinda heshima, mlango wa kupigana panga unafunguka. Mjesuiti wa Hispania, Antonio Escobar, alichekwa hadi jina lake likazaa kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukwepa kijanja. Tena Pascal hakuwa peke yake: mwaka 1679 Papa Innocent XI alilaani kauli 65 za ulegevu wa maadili.

Utetezi ulichelewa. Mwaka 1988 Albert Jonsen, aliyewahi kuwa Mjesuiti, na mwanafalsafa Stephen Toulmin walitoa kitabu cha kuisafisha casuistry. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi na tume ya Marekani ya maadili ya utafiti kwa binadamu, iliyoundwa 1974 baada ya kashfa ya utafiti wa Tuskegee, ambako wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba hata baada ya penisilini kupatikana. Toulmin alishangaa kwamba wajumbe walielewana vizuri wakijadili kesi moja moja, ila walipoeleza sababu zao, kila mmoja alishika kanuni yake. Hoja nzito hiyo. Lakini (na hili watetezi hulipita haraka) tume hiyohiyo ndiyo iliyotoa Ripoti ya Belmont, mwongozo wa maadili ya utafiti unaosifika kwa kanuni zake tatu.

Bado naegemea kwa Toulmin. Majaji wa Nairobi na Dar es Salaam hulinganisha kesi iliyo mbele yao na zilizokwisha kuamuliwa, na hatuwaiti walaghai: sababu zao zinasomwa hadharani na hukumu hukatiwa rufaa. Pascal aligonga penyewe alipoicheka kanuni kwamba maoni ya mwanazuoni mmoja mwenye sifa yanatosha kumtoa mtu hatiani, hata wengine wakimpinga. Hapo mtaka ruhusa ndiye anayejichagulia mwamuzi.

Mwaka 2002 wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani waliandika, kwa ombi la Ikulu, waraka wa siri uliobana maana ya utesaji: maumivu ya mwili yasipofikia yale ya kiungo kushindwa kufanya kazi au ya kifo, si utesaji. Waraka huo uitwe casuistry, kwa maana ileile ya tusi.