Kabla ya kufunga injini kubwa kwenye Suzuki, lala chini utazame ekseli

Kiangazi kinapokaribia kuisha, ukipita gereji za hapa Mwanga, Kigoma, hukosi kukuta Suzuki ndogo imefunguliwa boneti, injini yake imetolewa, na pembeni juu ya mbao imelala 3L, injini ya dizeli ya Toyota, ikisubiri kupandikizwa. Mwenye gari yuko hapo hapo, furaha imemjaa usoni. Furaha hiyo naielewa. Aliyewahi kupandisha gari la injini ya cc 1300 njia za mashambani zinazochepuka kutoka barabara ya Manyovu, nyuma amebeba magunia ya maharage, anajua kiu ya nguvu ni kitu gani.

Huwa namuuliza swali moja tu: na ekseli je? Jibu karibu siku zote ni lile lile, "tutaona huko mbele."

Mimi nasema huko mbele ndiko gari litakapokatika. Kazi ya namna hii ianzie kwenye tairi, ipande kwenye ekseli, difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za ekseli), propela (chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye difu), transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) na giaboksi, ndipo ifike kwenye injini. Sisi tunaifanya kichwa chini miguu juu, tunamaliza hela kwenye injini, halafu vyuma vilivyobaki chini ni vile vile vilivyotengenezwa kubeba gari lisilofika kilo 1,100.

Gari langu ni Suzuki SJ413 fupi. Nilitoa 1300 yake nikafunga 1600 ya Suzuki Escudo, injini nzuri sana kwa kazi hiyo, bloku yake ni aluminiamu kama ile ya kwanza na inakaa kwenye giaboksi ya Suzuki bila kuchonga chochote cha maana. Nikaongeza tairi za inchi 31. Ekseli sikuzigusa. Mwezi wa pili, natoka Ilagala na madumu ya mawese, nikafika kwenye kijito kilichokula njia. Nikaweka transfa kwenye 4L, ile nzito ya kuvuta kwa tairi zote nne, gia ya kwanza, nikakata usukani mpaka mwisho kukwepa jiwe. Tairi la mbele kushoto likazunguka bure kwenye tope, kisha likauma jiwe ghafla. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja kuni kavu gotini. Baada ya hapo kila nikiachia klachi, chini panagonga ka-ka-ka na gari haliendi. Tulilala pale pale, mimi na kijana wangu, mvua ikinyesha usiku kucha.

Kesho yake fundi alifungua ile bakuli ya chuma iliyo mwisho wa ekseli ya mbele, pale usukani unapogeuzia tairi. Grisi ilitoka imechanganyika na maji, rangi yake kama uji wa ulezi. Akaosha vyuma kwa petroli kwenye karai, akavipanga juu ya gunia. Jointi ya mle ndani ina gololi sita. Tano zilikuwa nzima, ya sita imepasuka katikati, na kikombe kinachozishika kimefumuka upande mmoja. Fundi alikishika juu akaniambia, "Bosi, hiki hakikuchoka, hiki kimezidiwa."

Neno lile lilinifanya nikae chini nipige hesabu. Injini ya 1300 inatoa nguvu ya kuzungusha kama nyutoni-mita 100. Gia ya kwanza inaizidisha mara 3.65, transfa kwenye L mara 2.27, difu mara 3.73. Zidisha zote, unapata kama mara 31, yaani zaidi ya nyutoni-mita 3,000 zinazogawanywa kwenye ekseli. Weka 1600, zinakaribia 4,000. Weka 3L, ambayo peke yake inatoa karibu 190, hata ukibakiza giaboksi na transfa zile zile unagusa 5,800. Chuma ni kile kile. Ekseli ya nyuma ya Suzuki ina meno 26 tu pale inapoingia kwenye difu.

Lakini hesabu hiyo haitoshi, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Ekseli inapokea nguvu ile tu ambayo tairi linaweza kuishika ardhini. Tairi likiteleza, nguvu inapotea bure na chuma kinapona. Ndiyo maana Suzuki ya kiwandani, nyepesi na yenye tairi nyembamba, inadumu miaka na miaka. Ukiweka tairi kubwa umeirefushia ardhi mkono wa kusokota ekseli. Ukiweka dizeli yenye bloku ya chuma umeongeza zaidi ya kilo 100 puani, tairi za mbele zinashika kuliko zamani, na jointi ya mbele inabeba yote hayo usukani ukiwa umekatwa, hali ambayo ndiyo dhaifu kwake kuliko zote. Tope peke yake ni rafiki wa ekseli. Adui ni jiwe lililojificha ndani ya tope.

Kuhusu 3L niseme wazi: kwa Suzuki fupi siipendi. Transfa ya Suzuki hata kwenye H, ile nyepesi ya mwendo wa kawaida, inapunguza mwendo mara 1.4. Ukijumlisha na difu lake, kwa tairi za kawaida, gia ya nne, kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 3,200 kwa dakika. Petroli hapo inapumua vizuri. Dizeli ambayo nguvu yake inaishia kwenye 4,000 itakupigia kelele kutoka Uvinza mpaka Kigoma mjini. Ukisema basi ufunge na giaboksi na transfa ya Toyota, kumbuka transfa ya Toyota imeungana na giaboksi yake, wakati ya Suzuki imekaa peke yake katikati ya gari na kuunganishwa kwa propela fupi. Toka tairi la mbele hadi la nyuma Suzuki hii ina mita 2.03. Fungia humo mkungu wote ule wa Toyota, propela ya nyuma itabaki kipande kifupi kilichosimama kama ngazi, na krosi zake, yaani viungo vinavyoiruhusu kujipinda, zitakula hela kila mwezi.

Kwa hiyo 1600 yangu inabaki. Kinachobadilika ni ekseli, na nimechagua za Toyota Hilux, zile za zamani zenye ekseli nzima ya kipande kimoja mbele, mfano toleo la LN106. Wapo watakaosema niagize vyuma vigumu vya Suzuki kutoka nje. Ni vizuri, sikatai, ila kikikatika kimoja nipo Sunuka nitasubiri wiki ngapi? Toyota zimejaa mkoa huu tangu miaka ya 1990, wakati wakimbizi walipoingia kwa wingi kutoka Burundi na Kongo na magari ya misaada yakawa yanapishana barabara ya Kasulu. Mafundi walijifunzia kwenye magari hayo. Beringi ya Hilux unaipata Mwanga, unaipata Kasulu, na hata fundi wa kijijini anajua sili yake inakaa upande gani. Kwangu spea inayopatikana ina thamani kuliko spea iliyo ngumu kupita zote.

Ekseli ya nyuma ya Hilux ina meno 30, na unene wake unauona kwa macho ukizilaza mbili pamoja. Difu lake la 4.1 nalo limeniletea faida ambayo sikuitegemea. Tairi zangu za inchi 31 zilikuwa zimeniibia kama asilimia 12 ya uvutaji ukilinganisha na zile za kiwandani. Kutoka 3.73 kwenda 4.1 kunanirudishia asilimia 10. Gari linarudi karibu kabisa na lilivyopangwa, na spidomita haidanganyi sana.

Shughuli ipo. Ringi za Suzuki zina nati tano, habu za Hilux zina sita, kwa hiyo ringi zote nne zinaondoka. Ekseli ni pana zaidi, viti vya springi inabidi vikatwe na kuchomelewa upya, na hapo usimpe kazi fundi wa madirisha. Pima kwanza kichwa cha difu kiko upande gani, kilingane na pale transfa inapotolea propela, kabla hujatoa hela mfukoni. Breki za Hilux ni kubwa, masta silinda ya Suzuki inasukuma mafuta kidogo, utakanyaga pedeli mpaka sakafuni. Badilisha na yenyewe. Transfa imeshikwa na miguu mitatu yenye raba. Raba zikichoka, transfa inajizungusha yenyewe na kung'oa miguu hiyo, basi weka mpya siku hiyo hiyo. Na namba ya injini mpya iandikishwe kwenye kadi ya gari, usisubiri kuulizwa na trafiki.

Kuna ushauri mmoja unatembea sana magereji, wa kuchomelea difu la nyuma ili tairi zote mbili zivute pamoja. Naomba watu wauache. Kwenye lami kila ukikata kona tairi zinashindana, na ekseli ndiyo inayosokotwa katikati. Mvua ikinyesha, kwenye mteremko wa kuingia mjini, nyuma inaweza kukuacha ukaenda ubavu, na humo ndani umebeba watoto.

Ekseli zangu zipo juu ya matofali nyuma ya nyumba, zimesuguliwa na kupakwa rangi. Jumamosi mimi na fundi tunapima propela ya nyuma, gari likiwa limesimama kwa tairi zake na madumu ya maji nyuma kama lilivyo siku ya kazi, kwa sababu gari likiwa juu ya jeki ekseli inaning'inia na kipimo kinatoka cha uongo. Mvua za Novemba zisitukute hatujamaliza.