Mlango wa Mafuriko Usipitishiwe Bunduki

Marekebisho ya Sheria ya KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, yakitajwa, mazungumzo ya huku kwetu hayabadiliki, uwe Kondele, Kisumu, au Section 58, Nakuru: umri wa makurutu, mishahara, nani alilipia barua ya wito, kaunti gani imepewa nafasi ngapi. Wanasiasa wanalijua hilo, ndiyo maana wakipanda jukwaani Kakamega au Busia wanaahidi nafasi za vijana, wanapigiwa makofi na kuketi. Inanikera sana, kwa sababu kipengele kinachoweza kuamua kama kijana atarudi nyumbani salama siku ya maandamano hakiguswi kabisa. Nazungumzia Kifungu cha 241(3) cha Katiba, na namna Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 inavyokitekeleza.

Kifungu hicho kinayapa majeshi kazi tatu. Aya ya (a) ni kulinda uhuru na mipaka ya nchi, na hiyo haina ubishi. Aya ya (b) ni kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au janga, na KDF ikitumwa kwa kazi hiyo inatakiwa kutoa ripoti kwa Bunge la Taifa. Aya ya (c) ni kurejesha amani sehemu yoyote ya Kenya iliyokumbwa na ghasia au ukosefu wa utulivu, na hilo haliwezekani bila idhini ya Bunge la Taifa. Chini ya (b) serikali inaarifu. Chini ya (c) inaomba, na inaweza kunyimwa.

Aya ya (b) ina maana yake na hakuna anayeipinga. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai Mei 2018, au maji yalipozoa watu Mai Mahiu usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, hakuna mwenye akili timamu angetaka helikopta isubiri wabunge wakusanyike. Mto Nzoia ukivunja kingo Budalang'i, anayehitajika ni mwenye boti, hema na kikosi cha wahandisi. Ripoti inaweza kufuata baadaye.

Aya ya (c) nayo haikuandikwa kwa kubahatisha. Machi 2008 jeshi lilipandishwa Mlima Elgon kwa Operesheni Okoa Maisha dhidi ya SLDF, kundi la wapiganaji wa huko. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba hali ilikuwa imeharibika. SLDF walikuwa wameua mamia ya watu, wamekata wengine masikio, wanatoza kodi kwa mtutu wa bunduki, na polisi walikuwa wameshindwa. Wakazi wengi walifurahi kuona malori ya jeshi yakiingia. Kisha wanaume wakaanza kukusanywa vijijini na kupelekwa kambi ya Kapkota, wakapitishwa mbele ya watoa habari. Aliyenyooshewa kidole alibaki. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilieleza mateso yaliyofanyika huko, na serikali ikakana. Kuna familia za Mlima Elgon ambazo mpaka leo hazijui jamaa zao wamezikwa wapi. Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 ikaweka idhini ya Bunge, na mtu yeyote wa Bungoma au Trans Nzoia anajua kwa nini.

Sasa tazama kilichofanyika 25 Juni 2024. Waandamanaji waliingia Bunge, na siku hiyo hiyo Waziri wa Ulinzi akatoa ilani katika Gazeti Rasmi kwamba KDF imetumwa kusaidia polisi. Ilani ilitaja aya gani? Ya (b). Maandamano ya raia yalipitishwa kwenye mlango wa mafuriko. Maeneo yaliyotajwa ni "sehemu mbalimbali" za Jamhuri. Mtu wa Kisumu, wa Nakuru, wa Kisii, hakuweza kujua kama mtaa wake umo au haumo. Hakuna tarehe ya mwisho iliyowekwa.

Najua nitaambiwa kwamba Bunge la Taifa liliidhinisha kesho yake. Ni kweli, tarehe 26 walipiga kura na hoja ikapita. Lakini idhini inayoombwa wanajeshi wakiwa tayari barabarani ni idhini gani? Mbunge akiikataa, malori yanarudi kambini saa ngapi, na aliyepigwa risasi kabla ya kura alipigwa kwa sheria ipi? Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na Jaji Lawrence Mugambi, ingawa hakuwaondoa wanajeshi, aliiagiza serikali itangaze ndani ya siku 2 maeneo, muda na namna jeshi litakavyofanya kazi. Jaji alilazimika kuagiza mambo ambayo sheria ingepaswa kuyadai kwenye ukurasa wa kwanza wa ilani. Hilo ndilo pengo lenyewe.

Na wanaweza kuandika ilani bora wakitaka. Februari 2023 jeshi lilipopelekwa Bonde la Ufa kaskazini dhidi ya majangili, kaunti 6 zilitajwa kwa majina: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Kilichokosekana ni mwisho. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki 18 Aprili 2024 kwenye ajali ya helikopta huko Sindar, akitoka kuwatembelea wanajeshi wa operesheni hiyo hiyo, miezi 14 baada ya kuanza. Siaya ilimzika tarehe 21, Ng'iya ikajaa watu, na hotuba zote zilikuwa za kumsifu, kwa haki kabisa. Lakini heshima kwa mwanajeshi ni pamoja na kumwambia kazi aliyotumwa inaisha lini. Operesheni isiyo na tarehe ya kuisha haimtendei haki raia wa Kapedo, wala haimtendei haki askari anayelala handakini huko.

Kwa nini ninalishikilia jambo hili? Kwa sababu ya kazi ambayo mwanajeshi amefundishwa. Polisi wa kutuliza ghasia ana ngao, rungu, gesi ya kutoa machozi na gari la maji, na hata hivyo tunaona maafa. Mwanajeshi amefundishwa kumkabili adui mwenye silaha, asonge mbele huku mwenzake akifyatua risasi. Bunduki ya G3, ambayo jeshi letu limeitumia kwa miaka mingi, inapiga risasi ya milimita 7.62 inayoweza kumuua mtu mita mamia kadhaa mbele. Ukuta wa mabati wa mitaa ya Nyalenda au Manyatta, Kisumu, hauizuii. Risasi ikimkosa aliyelengwa barabarani, inaingia nyumba ya pili, labda ya tatu, alipolala mtoto. Huwezi kumlaumu askari kwa kufanya alivyofunzwa. Wa kulaumiwa ni aliyemtuma bila kumwekea mipaka.

Kwa hivyo mswada wowote wa kurekebisha Sheria ya KDF unaostahili kuungwa mkono lazima uandike wazi kwamba maandamano, mgomo na mkutano wa hadhara, mambo ambayo Kifungu cha 37 na cha 41 vya Katiba vinayalinda, si janga, na kwamba anayetaka kutuma jeshi huko apite aya ya (c) peke yake. Ilani itaje kaunti na kaunti ndogo, tarehe na saa ya kuanza, tarehe ya kuisha isiyozidi siku 30, nani anatoa amri uwanjani, na silaha za aina gani zimeruhusiwa. Kuongeza muda kuwe kwa kura mpya, si kwa kunyamaza. Ripoti ya aya ya (b) nayo iwekewe siku, kwa sababu Katiba imeidai bila kusema ifike lini. Siku 7 zinatosha kuanzia majeshi yanapotumwa, na nyingine ndani ya siku 14 baada ya kuondoka, ikieleza waliokufa, waliojeruhiwa, waliokamatwa na risasi zilizotumika. Jeshi linahesabu risasi hata kwenye mazoezi ya shabaha, kwa hivyo hiyo hesabu haiwezi kukosekana.

Kuna pengo lingine ambalo watu wa Kisumu wanapaswa kulielewa kuliko wote. Mtoto wa miezi 6 aliyeuawa Nyalenda Agosti 2017, kesi yake ilisonga kwa sababu IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kuchunguza. Ilikwenda polepole mno, lakini uchunguzi wa kifo ukafanyika mahakamani na maafisa wakafunguliwa mashtaka. IPOA ni ya polisi. Mwanajeshi hayumo. Ukipigwa na mwenye sare ya polisi una mlango wa kubisha. Ukipigwa na mwenye sare ya kijani kwenye operesheni ile ile, barabara ile ile, unaambiwa jeshi litajichunguza. Siku wanapofanya kazi ya polisi, wawe chini ya uchunguzi wa IPOA. Sentensi moja kwenye mswada inatosha.

Mengine niyapitie haraka. Usajili wa makurutu ni bure, na kila mwaka kuna vijana wanaofika Eldoret, kunakofunzwa makurutu, na barua bandia walizouziwa shamba likiwa limeshauzwa kulipia. Adhabu imkute muuzaji kwanza. Fidia kwa familia za wanajeshi waliouawa kwenye kambi za El Adde Januari 2016 na Kulbiyow Januari 2017, huko Somalia, ilipaswa kuwa na muda maalumu kisheria. Reli ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, na kiwanda cha meli hapo Kisumu ni kazi ambazo jeshi limezishika na, lazima nikiri, zimeonekana. Bado hesabu za pesa zake zinapaswa kukaguliwa hadharani kama za shirika lolote la umma.

Anayetaka kusikika asisubiri mkutano wa hadhara, maana mara nyingi hauji magharibi. Mswada huchapishwa kwanza kwenye nyongeza ya Gazeti Rasmi, na kwa kawaida hupewa siku 14 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, ingawa Bunge linaweza kupunguza siku hizo. Ulinzi ni kazi ya serikali kuu, kwa hivyo mswada wa namna hii hauendi Seneti. Kumlilia seneta ni kupoteza nauli. Baada ya kusomwa mara ya kwanza unakwenda kwa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni, na tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge. Tangazo hutoa siku chache, na wengi huliona zikiwa zimekwisha.

Andika waraka kwa Karani wa Bunge la Taifa. Usiandike hotuba. Taja nambari ya kifungu cha mswada, nukuu maneno yaliyopo, andika maneno unayotaka yawekwe badala yake, kisha toa sababu kwa sentensi mbili au tatu. Fanya hivyo kwa kila kifungu peke yake, kwa sababu ripoti ya kamati hupangwa kifungu kwa kifungu, na waraka wa kurasa 10 za malalamiko hauna mahali pa kuingizwa. Weka jina, eneo bunge na sahihi. Nakala moja ipeleke ofisi ya mbunge wako na udai igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kamati ikishaandika ripoti, nafasi inayobaki ni Kamati ya Bunge Zima, baada ya mswada kusomwa mara ya pili na kabla ya mara ya tatu. Hapo mbunge mmoja anaweza kuleta marekebisho, mradi amempa Karani notisi ya maandishi mapema. Wabunge wa kutoka Nakuru hadi Busia ni wengi. Kila mmoja aulizwe sasa, kabla hajaanza tena kuahidi nafasi za makurutu, kama atawasilisha notisi hiyo.