Sikukimbia kiama, nilikuwa natafuta giza

Haya, najua mmeshaiona. Ile video yangu ya siku ya kupatwa kwa jua imefika kundi la ukoo, kundi la kazini, na kundi la harusi ya binti wa jirani ambalo mimi mwenyewe hata sijachanga. Leo asubuhi konda wa daladala kanitazama, akamtazama dereva wake, kisha akaniambia, "Pete, sogea nyuma tupakie."

Pete! Mimi, baba wa watoto wawili.

Kwa hiyo naandika. Yule rafiki yangu aliyeirusha (simtaji jina, ila ana elfu arobaini yangu tangu Ramadhani) ameandika chini ya video kwamba nilidhani kiama kimefika, nikakimbia na kujichafua. Nakanusha yote mawili. Sikukimbia, nilitembea haraka. Na sikujichafua. Nilikuwa bado.

Tulitoka Dar Jumatano saa kumi alfajiri, abiria tisa kwenye Haisi, kila mmoja kachanga laki mbili, tunakwenda Rujewa, Mbarali, kuona jua likipatwa Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016. Kiongozi wa msafara alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mzee mpole, kabeba mfuko wenye kila kitu: miwani maalumu ya kutazamia jua kwa kila abiria, kadibodi iliyotobolewa kwa sindano, na chekeche ya unga. Mle ndani tulikuwa mimi, huyo rafiki msaliti, wanandoa wapya waliokuwa wamenuniana tangu Chalinze, bibi mmoja muuguzi mstaafu, na wengine wanne ambao siku nikiwaona Kariakoo nitavuka barabara.

Kosa la kwanza nililifanya njiani, mahali tuliposimama kula. Nilinunua mishkaki iliyokuwa imepoa na maziwa mgando, nikavila kwa pamoja. Bibi akanitazama, akasema, "Mwanangu, hivyo viwili havikai nyumba moja." Nikacheka. Nikaongeza mshikaki.

Kosa la pili ni kulala. Mwalimu alisubiri tufike Kitonga, ambako hakuna anayesinzia kwa zile kona, akaanza somo. Aliyesinzia nilikuwa mimi, mdomo wazi. (Picha ipo, mtaletewa tu, huyu jamaa hana dogo.) Nasimuliwa kwamba Mwalimu alifumba jicho moja, akaweka sarafu ya mia mbili karibu kabisa na jicho la pili, na kichwa chote cha dereva kikazibika. Kisha akainyoosha mbele mkono mzima. Dereva akatokeza tena, masikio huku na huku. Akasema mwezi nao ndivyo ulivyo. Hauizunguki dunia kwa duara kamili, siku nyingine uko karibu, siku nyingine uko mbali. Alhamisi hiyo ungekuwa mbali, ungeonekana mdogo kuliko jua, na usingeweza kulifunika lote. Katikati pangekuwa peusi, pembeni libaki jua mviringo kama pete. Na hiyo pete, wadau, nyembamba vile vile, mwanga wake unatosha kusomea gazeti. Giza haliingii.

Mimi somo hilo nimelipata Ijumaa, tukirudi.

Kosa la tatu nalitubu hadharani. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nasoma habari za kupatwa kwa jua, ila nilizosoma zote zilikuwa za lile la kupatwa kabisa, linalozibwa lote. Basi Jumatano usiku tumelala Makambako, tunakula, Mwalimu yuko nje na dereva wanahangaika na tairi, mimi nikawakalisha watu darasani. Nikawaambia kesho saa sita kasoro mchana mtaona usiku. Nyota zitatoka. Kuku watarudi bandani. Shikeni tochi! Bibi akanyamaza kwa adabu. Bi harusi akamtazama mumewe, ikawa mara ya kwanza wametazamana siku ile. Rafiki yangu akasema, "Endelea, ndugu yangu, unatuelimisha." Alikuwa macho Kitonga yote, huyu. Alikuwa anajua.

Asubuhi Rujewa palikuwa pamejaa. Wanafunzi na walimu wao, Wazungu na kamera ndefu kama bomba la maji, akina mama wa maandazi, wauza miwani. Saa nne ikapita, mwezi ukaanza kulimega jua kidogo kidogo upande mmoja, watu wakashangilia. Na mimi, saa hiyo hiyo, tumbo likaniita kwa jina.

Nilivumilia. Saa tano ikanikuta nimesimama miguu imebanana, nawaeleza watu mambo ya nyota huku jasho la baridi linanitiririka. Foleni ya choo ilikuwa imejikunja mara mbili, nusu yake akina mama wenye watoto mgongoni, na hakuna mwanamume aliyelelewa atakayewapita hao. Kuzunguka uwanja ni mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kweupe kama kiganja. Palikuwa na mwembe mmoja tu, kwa nyuma yetu, mkubwa, umeshiba majani.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo mama yangu aliisomesha kwa kuuza vitumbua, ilipopiga hesabu. Giza litaingia. Litadumu dakika tatu. Katika dakika hizo kila mwenye macho atakuwa ameelekea juani, na mwembe uko upande wa kisogo. Nitakwenda nyuma ya shina, upande wa kivuli, nimalize haja zangu nikiwa nimefunikwa na giza la Mungu mwenyewe, nirudi kabla nyota hazijazima.

Nikamnong'oneza rafiki yangu mpango mzima. Akanishika bega. "Mpango mzuri sana, ndugu yangu. Nenda mapema, usije ukachelewa."

Nikaenda. Mwanga kweli ulikuwa umepungua, umekuwa wa ajabu, kama mtu kalipaka jua majivu, na kijiubaridi kimeanza kupita. Nikajua ndilo hilo, linaingia. Nikapita nyuma ya shina, nikafungua mkanda. Kumbukeni dakika ni tatu tu, nisingeweza kuanza kuhangaika na mkanda gizani. Nikateremsha suruali, nikachuchumaa, nikafumba macho nisubiri.

Uwanjani Mwalimu akapiga kelele: "Pete hiyooo!" Watu wakalipuka kwa vifijo.

Nikafumbua macho. Bado kweupe.

Nikajiambia linakuja, giza nalo lina safari yake. Nikatazama chini, nikaona kitu ambacho sijapata kukiona maishani. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimejaa pete. Si mbili wala tatu, ni mamia ya vijipete vya mwanga, vimepandana kama magamba ya samaki, mchangani, kwenye mizizi, kwenye viatu vyangu. Vimenipanda hadi mapajani. Upepo ukitikisa majani, pete nazo zinacheza. Nikasahau hata tumbo. Nilikaa pale nimeduwaa, nanyoosha kidole, naigusa pete moja iliyokuwa kwenye goti langu la kulia.

Sasa, kwa msiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: kila upenyo mdogo kati ya majani unafanya kazi kama kile kitundu cha sindano kwenye kadibodi. Jua likipita pale linajichora chini kwa umbo lake la wakati ule, na likiwa pete linajichora pete. Ni kitu kizuri sana. Ni kizuri kiasi kwamba mwalimu yeyote wa fizikia mwenye wanafunzi karibu na dakika tatu mkononi atawaonyesha pete ya juu dakika ya kwanza, na dakika ya pili atasema maneno haya, ambayo niliyasikia yanakaribia shina langu:

"Vueni miwani, wanangu! Kimbieni hapa chini ya mwembe, upande wa kivuli, muone maajabu!"

Jamani.

Nilisikia miguu. Miguu mingi, midogo, inayokimbia. Nikavuta suruali, ikanasa gotini. Nikataka kusimama, ganzi. Nikawaza kujitupa kwenye mfereji, ulikuwa mbali kama hatua kumi, na mtu aliyefungwa magoti na suruali yake mwenyewe hafiki hatua kumi. Nikajikunyata, nikavuta shati la mbele kwa nyuma na la nyuma kwa mbele. Wakatokea pande zote mbili za shina kama maji yanayolizunguka jiwe. Wanafunzi kama thelathini hivi, sare za bluu na nyeupe. Nyuma yao Mwalimu na chekeche yake. Nyuma ya Mwalimu, Bibi. Nyuma ya Bibi, rafiki yangu, simu imeshanyanyuliwa.

Kimya. Hata upepo ulitulia.

Wale watoto wamelelewa, nawasifu wazazi wao. Wamemkuta mtu mzima. Unapomkuta mtu mzima unafanya nini? Wakavuta pumzi, wakatoa kwa pamoja, kama darasani mkaguzi anapoingia:

"Shikamooo!"

Na mimi, kwa kuwa nami nimelelewa, nikiwa nimechuchumaa, suruali magotini, mikono yote miwili inashikilia heshima iliyobaki, nikaitikia:

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujamboooo!"

Mnaposikia sauti nyembamba kwenye video ikisema "marahaba", hiyo si ya kuongezwa. Ni mimi.

Kisha kabinti kamoja, miaka saba hivi, kakanyoosha kidole na kusema kwa furaha ya kweli ya elimu: "Mwalimu, hata baba huyu ana pete! Tazama, mpaka nyuma!"

Mwalimu, Mungu ampe maisha marefu, akavua koti lake, akanitupia kichwani. Kichwani, wadau! Sehemu pekee iliyokuwa na heri. Bibi ndiye aliyelishusha mahali pake, bila neno, kama aliyekwisha kuona wodi nyingi.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama mmoja wa maandazi akanipeleka chooni kwake, nikakaa humo hadi nikasikia Haisi inapiga honi. Kurudi Dar nilikaa kiti cha nyuma na mabegi. Wale wanandoa walicheka Mafinga hadi Mikumi na wakapatana kabisa, sasa wananitumia salamu. Mke wangu hajasema kitu, ila tangu jana akiniita ananyoosha kidole cha pete.

Na ile pete ya juu sikuiona. Kilomita kama 700 kwenda, 700 kurudi, abiria tisa, nane wameiona angani. Mimi nimeiona gotini.

Juzi Mwalimu katuma ujumbe kwenye kundi la safari. Anasema Februari 26 mwakani, 2017, litapatwa tena, la pete vile vile, Angola na Zambia, anayetaka aandikishe jina. Rafiki yangu ameshaniandikisha na kuweka alama ya mwembe. Nimemuuliza Mwalimu faraghani lile la giza lenyewe ni lini. Kanijibu Agosti 21, huko huko mwakani, Marekani. Nauli sina. Ila kama yupo wa kunichangia, hapo pa giza nitakwenda, na safari hii mishkaki sigusi.