Kusema kifaa kimefeli ni haraka mno

Mwandishi umesema kile kifaa cha kupima presha ya mshipa wa mapafu kwa wenye moyo kushindwa kilifeli kwenye utafiti wa GUIDE-HF, mi naona umekimbilia. Walikuwa wagonjwa 1,000 wa Marekani na Kanada, wote wakawekewa kabla ya 2020, ila nusu tu ndo madaktari wao waliona namba na kurekebisha dawa. Kabla ya korona upande huo vifo, kulazwa na dharura vikijumlishwa pamoja vilikuwa pungufu kwa 19%. Zikaja amri za kukaa ndani, wale wa upande wa pili nao wakapungua kulazwa, mwisho tofauti ikabaki 12% na kitakwimu haihesabiki tena, yani huenda ni bahati tu.

Mamangu ana moyo mkubwa, 2020 miguu ilivimba mpaka ndala haziingii na bado akagoma kwenda hospitali kwa kuogopa korona, yani ukifungua mafaili ya mwaka ule utadhani alikuwa mzima kabisa!! Ni kweli hata ile 19% kitakwimu ilipita chupuchupu, lakini tuwekeeni namba zote mbili jamani, watu tunaamua matibabu ya wazazi wetu kwa kusoma habari hizi.