Yogati ya barafu ni tamu, ila msituuzie kama dawa

Nimechoka kusikia "we kula tu, hii ni yogati, haina shida." Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka mojawapo la haya ya yogati ya barafu yanayofunguliwa kila kona siku hizi, mbele yangu mama na mwanae, kikombe cha mtoto kimefurika, juu kamwagiwa chokleti, biskuti zilizosagwa na zile jeli za rangi rangi, na mama wa watu kwa moyo mweupe kabisa anaamini kamuepusha mtoto na aiskrimu. Simlaumu hata kidogo. Kasoma bango, na bango linasema haina mafuta.

Sasa jamani, kukosa mafuta sio kukosa sukari! Ukishayatoa mafuta kwenye maziwa, ule ulaini na ile ladha vinapungua, na mara nyingi kinachoziba pengo ni sukari. Halafu kuna baridi, ulimi ukipoa hausikii utamu sawasawa kwa hiyo wanaongeza tena, na sukari hiyo hiyo ndo inafanya isigande ikawa jiwe. Usiniamini mimi, chukua yako ya vanila, iache iyeyuke kabisa mpaka iwe ya uvuguvugu kisha onja, utashangaa ulikuwa unakula nini.

Na wale bakteria wazuri tunaoambiwa? Wapo, nakubali, kuganda hakuwaui wengi wao, kunawalaza tu. Lakini hata kule Marekani, ile alama ya bakteria hai inayowekwa kwenye pakiti inadai yogati ya kawaida iwe na milioni 100 kwa gramu inapotoka kiwandani, ya barafu inaruhusiwa milioni 10. Mara kumi chini, na bado bango linaongea kana kwamba ni kitu kimoja.

Hili wimbi wala sio jipya. TCBY, kampuni ya maduka ya yogati ya barafu, walianza Arkansas, Marekani, mwaka 1981, watu wakiwa wanayaogopa mafuta kuliko kitu chochote, ikavuma ikapoa. Pinkberry wakaja California 2005 na yogati yenye uchachu wake, na hapo nawapa haki yao, ule uchachu ndo yogati yenyewe. Mashine nyingi ninazokutana nazo sasa hivi uchachu hauna hata harufu.

Kinachoniuma zaidi ni huu mtindo wa kujihudumia. Unapewa kikombe kikubwa, unavuta kile kishikio mwenyewe, inashuka taratibu inajikunja kunja, kikombe bado kinaonekana kitupu so unaongeza, unapita kwenye topingi, na mizani unaikuta mwisho kabisa kwa keshia, wakati huwezi tena kurudisha hata kijiko. Mtu mzima anashindwa kujipimia pale, mtoto wa miaka sita ataweza?

Sisemi yafungwe. Vijana wamepata pa kukaa jioni bila pombe, na mafuta kweli ni machache kuliko aiskrimu. Ila gramu za sukari ziandikwe kwenye kila mashine, pale pale karibu na jina la ladha, mtu azione kabla hajavuta. Na wekeni vikombe vidogo. Vya kuonjea mnavyo, vya lita nzima karibu mnavyo, cha kumtosha mtoto ndo mnasema hakuna.